Upasuaji wa ubongo kupitia puani: kunusa kunaenda wapi, na kunarudi lini

Mtu akishaambiwa uvimbe wake utatolewa kupitia puani, swali la kwanza mara nyingi haliwi la ubongo, linakuwa la pua. Habari za ubongo anamwachia Mungu na daktari, ila pua ni yake, anaijua, anaitumia kila siku, na kwa watu wa huku ziwani pua ni kitendea kazi kabisa. Mama anayenunua dagaa soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, anajua mzigo ulionyeshewa kabla hata gunia halijafunguliwa lote, muuza sato anatofautisha samaki wa jana na wa leo bila kumuuliza mtu, mama ntilie anajua mafuta yameanza kuungua huku kageukia wateja. Mwambie mtu wa aina hiyo kwamba vyuma vitapita puani mwake mpaka kwenye fuvu, atakuuliza tu, je ntanusa tena?

Mama yangu mdogo aliuliza hivyo hivyo, yeye anauza dagaa, na daktari wake alimjibu "inategemea", alafu kwa bahati nzuri alikuwa na muda akachukua karatasi akamchorea inategemea nini. Ule mchoro ulimtuliza mno. Toka siku ile nimesoma sana juu ya hii kitu, na naandika kwa ajili ya wale ambao dokta wao alikuwa na foleni ndefu hakupata nafasi ya kuwachorea.

Jibu kwa kifupi ni hivi: watu wengi wanaotolewa uvimbe wa kawaida wa tezi ya pituitari, ile tezi ndogo ya homoni iliyo chini ya ubongo, kwa njia ya pua wanapoteza kunusa, au kunapungua sana, wiki za mwanzo, kisha kunarudi pole pole ndani ya miezi mitatu mpaka sita. Wachache hakurudi kama zamani. Na wapo wenye uvimbe wa aina nyingine ambao kunusa kutaondoka tu hata daktari awe hodari vipi. Kinachomweka mtu kwenye kundi hili au lile, kwa sehemu kubwa, ni jinsi upasuaji ulivyofika juu ndani ya pua, kwa hiyo lazima kwanza tuelewane pua ya ndani ikoje.

Ndani kuna vyumba viwili, kulia na kushoto, na katikati kuna ukuta, mbele ni gegedu na nyuma ni mfupa. Kwenye kuta za pembeni kuna vikunjo vya mfupa vilivyovikwa nyama laini, vitatu kila upande, cha chini, cha kati na cha juu, kazi yake ni kupasha hewa joto, kuilowesha na kukamata vumbi. Hewa nyingi unayovuta inapita chini na katikati inaenda zake mapafuni. Sehemu ndogo tu, kama asilimia 10 hadi 15, ndo inapanda mpaka kwenye dari la pua, na huko juu ndo kuna utando maalum, sentimita za mraba chache tu, wenye mamilioni ya seli za neva za kunusa. Utando huo umetanda darini, ukashuka kidogo kwenye ukuta wa kati upande wa juu, na kidogo kwenye kikunjo cha juu na kipande cha juu cha kile cha kati. Basi. Pua yote iliyobaki, hata ukiigusagusa, hainusi chochote.

Kila seli ya kunusa inatoa uzi mwembamba sana, nyuzi hizo zinakusanyika na kupenya kwenye mfupa mwembamba wenye vitobo vingi kama chekeche, na ng'ambo ya mfupa huo ni ubongo moja kwa moja. Seli zenyewe kila moja inabeba aina moja ya kipokezi, na binadamu ana aina kama 400 zinazofanya kazi, jambo lililoanza kujulikana kutokana na kazi ya Linda Buck na Richard Axel ya mwaka 1991 iliyokuja kuwapa tuzo ya Nobel mwaka 2004. Harufu ya dagaa waliokauka vizuri kwa hiyo ni mchanganyiko wa vipokezi vingi vilivyoamka kwa pamoja, na ubongo umeukariri mchanganyiko huo kwa miaka.

Sasa kuna jambo moja la kutia moyo sana hapa. Seli nyingi za neva mwilini zikifa zimekufa, ila hizi za kunusa huwa zinazaliwa upya maisha yote, kwa sababu chini ya utando kuna seli mama zinazotoa nyingine. Utando ukichubuka kidogo, unaweza kujijenga tena. Lakini ukikatwa wote mpaka chini, au ukaunguzwa mpaka likabaki kovu, pale hakuna tena kitu cha kuota.

Kwa hiyo njia za kupoteza kunusa baada ya upasuaji ni mbili na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni njia kuziba: nyama za pua zilizovimba, damu iliyoganda, magamba, pamba au vipande vya plastiki alivyoacha daktari makusudi, yaani hewa haipandi mpaka juu ila seli ziko salama. Ya pili ni utando wenyewe au nyuzi zake kuumia. Ile ya kwanza ndo inayowapata karibu wote na ndo inayopona. Ya pili ndo ya kuogopa, na ndo ambayo daktari anahangaika kuikwepa akiwa ndani.

Kwa nini wapite puani

Tezi ya pituitari imekaa katikati kabisa ya kichwa, chini ya ubongo, uzito wake kama nusu gramu tu, imelala kwenye kishimo cha mfupa kilicho nyuma ya pua. Mbele yake kuna chumba cha hewa kinaitwa sinasi ya sfenoidi. Maana yake ni kwamba ukienda moja kwa moja nyuma ya pua, ukafungua hicho chumba, alafu ukafungua ukuta wake wa nyuma, umefika, bila kugusa ubongo. Ukitokea juu kwa kufungua fuvu, unalazimika kuuinua ubongo kidogo ndo ufike.

Madaktari wamelijua hili zamani. Hermann Schloffer alifanya ya kwanza Innsbruck, Austria, mwaka 1907, ila kipindi hicho pua ilipasuliwa kwa nje na kuwekwa kando, hali ya mgonjwa baadae unaweza kuiwaza mwenyewe. Mwaka 1910 Oskar Hirsch akapita ndani ya tundu la pua pale Vienna. Miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal akaingiza hadubini, na miaka ya 1990 ndo ikaja endoskopu, kamera nyembamba ya milimita 4 yenye taa, Jankowski na wenzake Ufaransa mwaka 1992, kisha Jho na Carrau pale Pittsburgh, Marekani. Faida ya endoskopu ni kwamba jicho la daktari linakuwa ndani, linaona pembeni na kwenye kona, tofauti na hadubini inayoangalia kwa mbali kupitia njia nyembamba.

Hapa kwetu wagonjwa wengi wa kanda ya ziwa wanaanzia hospitali za wilaya, wanafika hospitali ya rufaa ya Bugando, na wengine wanapewa rufaa kwenda Dar es Salaam ambako MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wanafanya upasuaji wa uvimbe wa ubongo kupitia puani. Wengi wanafika wakilalamika macho, kwa sababu uvimbe ukikua juu unabana mahali neva za macho zinapokutana, mtu anaanza kupoteza kuona pembeni pande zote mbili, anagongana na watu Makoroboi, bajaji inamtokea pembeni haioni, anadhani anahitaji miwani. Wengine homoni zimevurugika, vidole na taya vinakua, pete haivuki tena, au mwanamke anatoa maziwa na hana mtoto. Huyu wa maziwa nataka nimtaje kwa nafasi yake, kwa sababu uvimbe unaotoa homoni ya prolaktini mara nyingi unatibiwa kwa vidonge, bromokriptini au kabagolini, na unasinyaa bila kisu. Kwa hiyo kabla hujaanza kuhofia pua, hakikisha damu imepimwa homoni zote.

Nini hasa kinafanyika huko ndani

Nakieleza hiki kwa kirefu kwa sababu hapa ndo kunusa kunapookolewa au kupotezwa, dakika kwa dakika.

Wanaanza kwa kuweka dawa ya kusinyaza nyama ili pua ipanuke. Kisha kikunjo cha kati kinasukumwa pembeni kupata nafasi. Zamani kidogo ilikuwa kawaida kwa wengine kukikata kabisa, kwa upande wa kulia hasa, siku hizi wengi wanakiacha na kukisukuma tu, na mimi nadhani mgonjwa ana haki ya kuuliza daktari wake anafanya lipi, kwa sababu kipande cha juu cha hicho kikunjo kina sehemu ya utando wa kunusa na tena kinasaidia kuelekeza hewa ipande. Baada ya hapo wanatafuta tundu la sinasi ya sfenoidi, liko karibu na kikunjo cha juu, na hapa mara nyingine kipande cha chini cha kikunjo cha juu kinaondolewa. Kikiondolewa cha chini tu sio mbaya sana, kikiondolewa chote umepunguza eneo la kunusa. Alafu wanatoa kipande cha nyuma cha ukuta wa kati ili tundu zote mbili zitumike, maana upasuaji huu mara nyingi unafanywa na madaktari wawili kwa pamoja, wa pua na wa ubongo, mmoja anashika kamera mwingine anafanya kazi kwa mikono miwili.

Mpaka hapo, kama kila kitu kimefanyika chini na nyuma, dari halijaguswa. Mgonjwa wa pituitari wa kawaida anaishia hapo, uvimbe unatolewa, wanaziba, wanatoka.

Tatizo linakuja kwenye kuziba. Uvimbe ukiwa mkubwa, au ukipanda juu, utando unaoshikilia maji ya ubongo unaweza kufunguka, na maji hayo yakiendelea kuvuja puani ni hatari, vijidudu vinapata njia ya kuingia na mtu anapata homa ya uti wa mgongo. Kwa miaka mingi hili ndo lilikuwa linawarudisha nyuma madaktari. Mwaka 2006 Hadad na Bassagasteguy, wa Rosario kule Argentina, pamoja na wenzao wa Pittsburgh, wakachapisha njia ya kukata kipande kikubwa cha utando wa ukuta wa kati wa pua kikiwa bado kimeshikiliwa na mshipa wake wa damu kwa nyuma, kinazungushwa na kutandikwa juu ya tundu. Kwa kuwa kinaendelea kupata damu, kinashika haraka. Kwenye upasuaji mkubwa uvujaji ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 20 mpaka kwenye asilimia 5 hivi. Hii imeokoa maisha ya watu wengi mno, lazima isemwe.

Ila kile kipande kinatoka wapi? Kwenye ukuta wa kati, na ukuta wa kati upande wa juu ndo una sehemu ya utando wa kunusa. Daktari akikata mpaka juu kabisa ili apate kipande kipana, amekatia kunusa. Ndo maana wanafundishwa kuacha ukanda wa juu, sentimita 1 hadi 1 na nusu kutoka darini, bila kuugusa. Wengine mstari ule wa juu wanaukata kwa kisu cha kawaida badala ya kisu cha umeme, ili joto lisiunguze seli za jirani. Tafiti hazijakubaliana kama tofauti ni kubwa, ila sababu yenyewe inaeleweka. Na kuna mbinu ya tatu naipenda sana kwa busara yake: wanakianza tu kile kipande, wanakilegeza sehemu ya nyuma ili mshipa wake wa damu usiharibiwe wakati wa kazi, alafu kama maji hayajavuja wanakirudisha mahali pake, ukuta unabaki kama ulivyokuwa. Kinatumika pale tu panapohitajika.

Ukuta ulionyofolewa utando unabaki mfupa na gegedu wazi, na unachukua wiki kadhaa mpaka miezi kuota utando mpya, wakati huo wote unatengeneza magamba. Magamba hayo ndo yanayofanya mtu aseme pua inanuka vibaya, au imeziba, au haisikii kitu. Kwa hiyo aliyekatwa kipande na asiyekatwa wana njia tofauti ya kupona na wasilinganishane wakikutana kliniki.

Uvimbe gani unaondoka na kunusa

Pituitari, nimeshasema, matumaini ni makubwa. Uvimbe unaoota nyuma na juu zaidi, kama kraniofarinjioma, unahitaji njia pana na karibu kila mara kile kipande, hatari inapanda. Alafu kuna uvimbe ulioota palepale kwenye dari: meninjioma, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo, iliyokalia mfupa wenye vitobo, au saratani ya utando wenyewe wa kunusa inayoitwa estesionyuroblastoma. Huku njia ya kufikia uvimbe ndo hiyo hiyo ya harufu, mfupa unaondolewa, nyuzi zinakatwa, na kama ni pande zote mbili kunusa kumeisha moja kwa moja. Wengi wa hawa huwa kunusa kulishapungua kabla, bila wao kujua. Ikitokea uvimbe uko upande mmoja, wapo madaktari wanaojitahidi kuuacha upande wa pili, na upande mmoja unatosha kabisa kuishi nao.

Na mtu asidhani kufungua fuvu juu ndo salama kwa pua. Nyuzi za kunusa zinapita kwa chini ya ubongo wa mbele, ubongo ukiinuliwa zinavutwa, zinaweza kukatika. Kila njia ina gharama yake kwa harufu.

Ukisoma tafiti utakuta zinapishana, hii inasema karibu wote wanarudi kawaida, nyingine inasema robo au zaidi wanabaki na upungufu, na mtu anachanganyikiwa. Sehemu ya sababu ni namna ya kupima. Ukimuuliza mtu tu "unanusa?" anaweza kusema ndio kwa sababu anasikia moshi na pilipili, kumbe ukimpa harufu ndogo ndogo hazitofautishi. Vipimo vinavyotumika sana ni kile cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha mwaka 1984 chenye harufu 40 za kukwangua kwenye karatasi, na kile cha Ujerumani cha kalamu zenye harufu. Ni vizuri, ila vilitengenezwa kwa watu wa kule. Mtu wa Igoma ukimnusisha soda ya mizizi ya Kimarekani akakosa jina lake, hajakosa pua, hajawahi kuinywa. Ningefurahi sana kuona kipimo chenye karafuu, dagaa, udongo wa mvua ya kwanza, mafuta ya taa, embe bivu na michembe inayochemka.

Sababu ya pili ni kwamba wengi hawapimwi kabla. Mtu ana mafua ya mzio ya miaka, au amekaa kwenye moshi wa kukausha samaki nusu ya maisha yake, kunusa kulishashuka, alafu upungufu huo unahesabiwa kama umeletwa na upasuaji. Kwa hiyo omba upimwe kabla, hata kwa njia rahisi: funga macho, mtu akuletee kahawa, sabuni, limau, karafuu, kimoja kimoja, kila tundu la pua peke yake, andika ulichopata. Karatasi hiyo itakuja kukusaidia mwezi wa tatu baada ya upasuaji.

Wiki na miezi baada ya hapo

Malalamiko ya kwanza nyumbani yanakuwa ya chakula. "Hiki chakula hakina ladha." Ulimi unajua vitu vitano, utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama. Vingine vyote tunavyoita ladha, utofauti wa sato na sangara, wa nyanya na pilipili hoho, vinapanda kwa nyuma ya koo kwenda kwenye dari la pua wakati unatafuna. Bana pua yako ukila ndizi utaona unachobaki nacho ni utamu na ulaini tu. Kwa hiyo mgonjwa akisukuma sahani pembeni asionekane anadeka. Msaidieni kwa vitu anavyoweza kuvihisi, ndimu, pilipili kidogo, karanga za kutafuna, chakula cha moto na cha baridi kwa pamoja, ila msimwongezee chumvi na sukari bila mpaka, hasa kama ana presha au sukari, na uvimbe wa pituitari unajulikana kuvileta vyote viwili.

Usipenge kamasi mpaka daktari aruhusu, ni wiki kadhaa, ukipiga chafya fungua mdomo, usibebe ndoo wala gunia. Ukiona maji maangavu, yasiyo na rangi, yanadondoka puani ukiinama, yana ladha ya chumvi kooni, na kichwa kinauma ukikaa, usisubiri tarehe ya kliniki, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Homa na shingo kukaza ndo kabisa.

Alafu kuna kusafisha pua kwa maji ya chumvi, ambako ndo nguzo ya kuondoa magamba na kufungua njia ya hewa. Hapa naomba watu wa ziwani mnisikilize vizuri. Maji yawe yamechemka, yakatokota walau dakika moja, yakapoa, au yawe yale yasiyo na vijidudu yanayotolewa hospitali. Maji ya ziwa hapana, ya bomba yasiyochemshwa hapana, ya kisima hapana, hata kama unayanywa kila siku na hujawahi kuumwa tumbo. Tumbo lina asidi, pua haina. Kwenye maji yasiyo ya chumvi ya maeneo ya joto duniani kuna amiba inaitwa Naegleria fowleri, ni nadra sana kumpata mtu, lakini ikiingia puani inafuata nyuzi zile zile za kunusa, inapita kwenye vile vitobo, inaingia kwenye ubongo, na karibu wote wanaoipata wanafariki. Kwa sababu hiyo hiyo kuogelea na kupiga mbizi kusubiri mpaka daktari aseme sasa unaweza.

Kliniki za kusafishwa pua usiziruke. Najua umbali ni inshu, mtu wa Sengerema alikuwa analala Kigongo akisubiri kivuko, sasa daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa toka Juni 2025 safari imekuwa nyepesi, bado nauli ni nauli. Ila pale daktari anapotoa magamba kwa kamera ndo anapozuia makovu, nitarudi kwenye hilo.

Kuna mazoezi ya kunusa. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden waliyachapisha mwaka 2009, harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni kwa wiki 12, kila harufu sekunde kama kumi. Angalia hiyo orodha alafu angalia jikoni kwako: karafuu inatoka Zanzibar, malimau yapo kila genge, mikaratusi imejaa barabarani, waridi ukilikosa tumia harufu ya maua unayoijua. Weka kila kimoja kwenye kichupa chenye kifuniko, unanusa taratibu kwa mivuto midogo, unakumbuka kwa makusudi kitu hicho kilikuwaje, unapumzika kidogo unaenda kingine. Ushahidi mwingi ni wa watu waliopoteza kunusa kwa virusi au ajali, wa baada ya upasuaji huu ni mdogo zaidi, ila haya mazoezi hayana madhara na hayana bei, mimi kwa mgonjwa wangu sikusita. Anza pale daktari atakapokuruhusu kuvuta hewa puani kwa nguvu kidogo.

Mama mdogo wiki ya tatu alipiga simu kwa furaha kwamba ameisikia dawa ya kuchua, ile yenye mentoli. Ikabidi nimweleze kwa upole kwamba mentoli, amonia, kitunguu kinachotoa machozi na pilipili vinahisiwa na neva nyingine kabisa, inaitwa trijemino, inayopeleka hisia za mguso na maumivu usoni, ambayo haikuguswa. Kipimo cha kweli ni kahawa, karafuu, ndizi. Kahawa aliipata baadae, na ilikuja ikiwa imegeuka, inanuka kama kitu kilichoungua. Hiyo hutokea, harufu zinapindapinda wakati seli mpya zinatafuta pa kujiunga, inakera, inakatisha hamu ya kula, ila mara nyingi inaashiria kwamba kuna kitu kinaota.

Wakati unasubiri, nyumba lazima ibadilike kidogo. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ile tunayoisikia imeongezwa makusudi ili watu wajue inavuja, na asiyenusa haimsaidii kitu. Funga mtungi kwenye koki kila ukimaliza, pima viungio kwa povu la sabuni, madirisha wazi, na kama kuna mtu mwingine nyumbani yeye ndo awashe. Maziwa na mboga ya jana vipewe mtu mwingine avikague. Kwa mwenye biashara ya samaki, macho na vidole vifanye kazi ya pua: jicho la sato liwe limevimba na kung'aa, mashavu ndani yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Dagaa washike mkononi uone wanakatika kwa mlio au wanajikunja, wanaojikunja wana unyevu. Na kwa miezi hiyo tembea na mtu unayemwamini pua yake kabla hujalipia mzigo.

Ikifika mwezi wa sita na bado hakuna kitu, wengi wanakata tamaa wanasema ndo basi. Rudi kwanza, uangaliwe kwa kamera. Kuna kovu linaloweza kuunganisha kikunjo cha kati na ukuta wa pua, likaziba ule mwanya wa kupandia hewa, na mgonjwa anaonekana amepoteza kunusa moja kwa moja kumbe utando wake uko mzima juu ya kovu. Kovu la aina hiyo linaweza kuachanishwa, mara nyingine palepale kliniki kwa dawa ya ganzi, wakaweka kipande cha plastiki katikati kwa siku chache lisishikane tena. Daktari akiangalia akakuta mwanya uko wazi na pua safi, hapo tatizo linaelekea kuwa la utando au nyuzi, mazoezi yanaendelea mpaka mwaka, maana wapo ambao harufu za kwanza wanazipata baada ya miezi tisa.